Anambembeleza Nani? Albamu ya Vashti Bunyan na Wasikilizaji Waliochelewa Miaka Thelathini

Shangazi yangu alikuwa anachambua mchele nilipoweka wimbo wa kwanza. Sikumwambia anayeimba ni nani, ametoka wapi wala umerekodiwa lini. Nilitaka aisikie sauti peke yake. Wimbo ulikwisha kabla ya dakika mbili, ukaingia wa pili, naye macho yake hayakutoka kwenye sinia. Katikati ya wimbo wa tatu ndipo akauliza: "Huyu anambembeleza nani? Mbona hakuna mtoto anayelia?"

Nimesoma maoni mengi kuhusu albamu hii kwa miaka kadhaa sasa, ya wapenzi wake na ya wanaoiona imekuzwa kupita kiasi. Sijakuta swali lililonisaidia kuielewa kama hilo la shangazi, na uchambuzi huu wote nimeujenga juu yake.

Albamu yenyewe inaitwa *Just Another Diamond Day*. Mtunzi na mwimbaji wake ni Vashti Bunyan, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1945. Ilitoka Desemba 1970 chini ya kampuni ya Philips. Ina nyimbo 14, na zote kwa pamoja hazizidi sana nusu saa. Kwa kumbukumbu za Vashti mwenyewe, ziliuzwa nakala mia chache tu. Baada ya hapo aliweka gitaa pembeni, akalea watoto watatu na kufuga wanyama vijijini, na kwa miaka thelathini hakuna aliyemsikia. Kisha ikageuka kuwa moja ya santuri zilizotafutwa sana na wakusanyaji, nakala ya awali ikifika zaidi ya dola 1,000. Muziki ni uleule, hakuna noti iliyobadilishwa. Kwa hiyo cha kuchunguza ni wasikilizaji: wale wa 1970 walifanya nini, hawa wa sasa wanasikia nini, na katikati pale kulitokea nini.

Tuanze nyuma kidogo, kwa sababu kimya cha 1970 hakikuwa cha kwanza kwake.

Vashti alisoma sanaa ya uchoraji Oxford, akafukuzwa chuoni kwa sababu muda wake mwingi aliutumia kutunga nyimbo badala ya kuchora. Akiwa binti mdogo bado, alionwa na Andrew Loog Oldham, meneja wa Rolling Stones, bendi ya rock ya Uingereza. Oldham alikuwa amempandisha chati mwimbaji Marianne Faithfull mwaka 1964 kwa wimbo uliotoka mikononi mwa kina Jagger na Richards wa bendi hiyo, na sasa alitafuta binti mwingine wa aina ileile: mrembo, mpole, mwenye sauti nyembamba. Singo ya kwanza ya Vashti ilitoka mwaka 1965 chini ya Decca. Upande wa kwanza uliwekwa wimbo wa Mick Jagger na Keith Richards. Wimbo alioutunga Vashti mwenyewe ukapelekwa upande wa pili.

Kwa wasomaji wasiowahi kushika santuri ya singo: upande wa kwanza ndio uliopigwa redioni, ndio uliotangazwa, ndio ulionunuliwa. Upande wa pili ulikuwa wa kujazia. Binti aliyefukuzwa chuo kwa ajili ya kutunga aliingia kwenye muziki akiambiwa kwa vitendo kwamba utunzi wake ni kijazio. Singo haikufanya vizuri. Mwaka 1966 akatoa nyingine chini ya Columbia, safari hii muziki wake, maneno ya Alasdair Clayre. Nayo ikapita bila kelele. Nyimbo nyingine alizorekodi kwa Oldham hazikutolewa kabisa kama singo.

Jambo hili wengi huliruka wanaposimulia kisa chake. Wanapenda kuanza na farasi.

Na farasi yupo, lazima nimtaje. Mwaka 1968 Vashti na mpenzi wake, mwanafunzi wa sanaa, waliondoka kusini mwa London kwa gari la kukokotwa na farasi wakielekea kisiwa cha Skye, Scotland. Mwanamuziki Donovan alikuwa amenunua ardhi huko akiwa na ndoto ya kuweka makazi ya wasanii, naye ndiye aliyewakopesha fedha za kununulia farasi na gari. Farasi huyo jike aliitwa Bess, na ana wimbo wake kwenye albamu. Umbali si mdogo sana kuliko Dar es Salaam hadi Mwanza. Walitumia zaidi ya mwaka mmoja njiani, wakilala popote walipokaribishwa na kuondoka walipofukuzwa. Walipofika Skye, ile ndoto ya makazi ya pamoja ilikuwa imeshasambaratika. Wakaendelea mbele hadi kisiwa cha Berneray, kwenye visiwa vya nje vya Hebrides, ambako ndiko walikopata nyumba.

Nyimbo nyingi za albamu zilitungwa katika safari hiyo. Prodyuza Joe Boyd, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi London na wanamuziki wa folk, yaani muziki wa kiasili, kama Nick Drake na vikundi vya Fairport Convention na Incredible String Band, alizisikia safari ikiwa haijaisha, akaahidi kuzirekodi. Mwishoni mwa 1969 waliingia studio ya Sound Techniques, London. Boyd aliwaita watu wake: Robin Williamson wa Incredible String Band na kinubi, fidla na filimbi, Dave Swarbrick na Simon Nicol wa Fairport Convention, na Robert Kirby, yuleyule aliyempangia Nick Drake sehemu za vinanda vya nyuzi, akapanga ala za baadhi ya nyimbo. Kwa mtu aliyetoka kulala kwenye gari la farasi, hiyo ilikuwa timu ya heshima kubwa.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Kwa nini ikafa?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba dunia ilikuwa haijawa tayari, kwamba Vashti alitangulia wakati wake. Mimi siyakubali. Mwaka 1970 Uingereza ilijaa wasikilizaji wa muziki wa aina hii. Vikundi nilivyovitaja hapo juu vilijaza kumbi. Masikio yalikuwepo. Hata maoni machache ya magazeti hayakuwa mabaya. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa santuri mkononi mwa kampuni na kuifikisha kwenye masikio hayo, na ukiangalia moja moja utaona jinsi kila njia ilivyokuwa imekatika.

Kwanza, ilikaa kama mwaka mzima kati ya kurekodiwa na kutolewa. Pili, kipindi kilekile ilipotoka, Boyd alikuwa anafunga kazi zake London na kuhamia California kufanya kazi na Warner Brothers. Aliyeijua albamu, aliyeipenda, aliyekuwa na simu za watu wa redio na wa magazeti, hakuwepo tena. Tatu, Vashti hakufanya ziara. Alikuwa na mtoto mchanga, anaishi mbali na mji, na hakuwa mtu wa jukwaa. Nyakati zile mwimbaji wa gitaa aliuza santuri kwa kuimba kwenye vilabu usiku baada ya usiku, watu hamsini hapa, mia pale, kila mmoja akirudi nyumbani na jina lake. Vashti hakuwa na klabu hata moja iliyomjua.

Ukijumlisha hayo, wasikilizaji wa 1970 hawakumkataa Vashti Bunyan. Hawakumsikia. Tofauti hii ni kubwa sana, na inauma, kwa sababu mwenyewe hakuiona hivyo. Alikichukua kimya kama jibu. Amesema mara nyingi katika mahojiano kwamba alihisi nyimbo zake zimeonekana hazina thamani, na kwa miaka mingi hakutaka hata kuisikia albamu ile. Hebu fikiria: mtu ametunga, amerekodi, amesubiri mwaka, na kinachorudi ni ukimya. Tena ukimya wa mara ya tatu, baada ya zile singo mbili. Mtunzi gani angesema, "Aa, ni tatizo la usambazaji"?

Hapa ndipo ninapowalaumu waliomzunguka, na ninasema bila kuzunguka. Kampuni inayorekodi kazi ya mtu kisha isimwambie ilipelekwa wapi, ilipigwa redio gani, ilikwama wapi, imemwacha ajihukumu mwenyewe gizani. Wasanii wetu wengi, wa kike hasa, wanaijua hali hiyo. Wimbo unatoka, hausikiki, na anayeambiwa hana kipaji ni yule aliyeimba.

Nakala zile chache hazikupotea. Zilipita kwa wakusanyaji wa santuri, mmoja akimwambia mwenzake, bei ikipanda kimyakimya. Mwaka 1997 Vashti alipata kompyuta, akaingia kwenye intaneti na kuandika jina lake. Akakuta watu asiowajua wanaitafuta albamu yake na kuulizana kama yuko hai. Mwaka 2000 ikatolewa upya kwenye sidii na Spinney Records ya Uingereza, na mwaka 2004 ikatoka Marekani.

Wimbi la wasikilizaji wapya lilikuwa la vijana, wengi wao wanamuziki. Mmarekani Devendra Banhart alimwandikia barua akiwa bado hajulikani, akimuuliza kama aendelee na muziki. Swali zito, na aliyeulizwa ni mwanamke aliyekuwa ameacha muziki kwa kukata tamaa. Vashti alimjibu aendelee. Baadaye akaimba naye kwenye albamu ya Banhart ya 2004, na mwaka 2005 akatoa nyimbo na kikundi cha Animal Collective. Kwa muda mfupi tangazo la kampuni ya simu ya T-Mobile likaupeleka ule wimbo wa kwanza wa albamu kwenye runinga za Uingereza, na watu waliozaliwa muda mrefu baada ya 1970 wakaanza kuuliza sauti ile ni ya nani.

Wasikilizaji hawa wa pili wanasikia nini? Nikiwagawa kwa jinsi nilivyowasoma na kuongea nao, kundi kubwa linasikia pumziko. Wanaiweka asubuhi, au usiku mtoto akigoma kulala, au wakiwa wagonjwa. Wanazungumzia utulivu, majani, mto, moshi wa kuni. Wengi wameshajua kisa cha farasi kabla hawajasikia noti moja, kwa hiyo wanaposikiliza wanaliona lile gari likipanda vilima. Kisa kimekuwa jalada la pili la santuri.

Kundi jingine linaona ni tamu mno. Kimdudu kinachong'aa usiku, bwawa la mayungiyungi, farasi anayesukumwa taratibu kwa maneno ya upole: hawa wanasema ni nyimbo za chekechea zilizovishwa fidla. Siwapuuzi. Nyimbo tatu au nne za mwanzo zinawapa haki. Mpangilio wa albamu umeziweka mbele zile nyepesi zaidi, na anayekata tamaa kwenye wimbo wa nne hajafika penye uzito. Ingekuwa mimi niliyepanga, ningeanza upande mwingine kabisa.

Na Vashti mwenyewe hakubaliani sana na kundi lolote. Amekataa mara kwa mara kuitwa mwimbaji wa muziki wa kiasili. Alitaka kuimba pop. Alikuwa na ndoto ya kuwafikishia watu wa kawaida nyimbo laini kupitia redio ya kawaida. Zile fidla na filimbi zilitokana na watu ambao Boyd aliwaita studio. Ukiujua ukweli huo kisha ukarudi kusikiliza, unaanza kuzisikia nyimbo chini ya mavazi yake: gitaa linalozunguka mahali pamoja, mistari mifupi, melodi inayoshikika mara moja kama ya wimbo wa pop wa 1965. Ni mtunzi yuleyule wa upande wa pili wa singo.

Sogea karibu na sauti. Haina mtetemo hata kidogo. Haipandi juu kuonyesha uwezo, haikazi neno ili ulisikie. Kabla ya mstari unasikia pumzi ikivutwa, fupi, kama mtu anayeongea chumba ambacho kuna aliyelala. Vifungu vinaisha kwa kufifia, neno la mwisho likiachwa lidondoke lenyewe. Watu wa 1970 waliozoea waimbaji wa kike wenye sauti ya kengele, wazi na kali, wangeweza kudhani ni udhaifu. Mimi naona ni uamuzi, na nina sababu: katika zile rekodi zake za mwaka 1964, za binti na gitaa tu, zilizotolewa mwaka 2007, sauti ni hiyohiyo. Aliingia studio nayo na akatoka nayo, na hakuna prodyuza aliyemfanya aipaze.

Kisha maneno. Wimbo wa kwanza, ule uliotumika kwenye tangazo, unataja shamba la kulima, punje ya ngano, mbegu za kupanda, na watoto kupata chakula. Sisi tuliokulia karibu na nyimbo za wawe, zile za kazi ya shamba, na nyimbo za kutwanga tunaitambua aina hii: ni wimbo wa kazi, mdundo wake unakwenda na mkono. Lakini Vashti hakuwa na shamba. Alipotunga nyimbo hizi hakuwa na ngano, hakuwa na mtoto, hakuwa na paa. Alikuwa barabarani, kwenye mvua ya Uingereza, akielekea mahali ambapo hakujua kama pangempokea. Anaimba kazi za nyumbani za mtu ambaye hana nyumbani.

Nilipofika hapo ndipo swali la shangazi lilipopata jibu. Hakuna mtoto anayelia kwa sababu anayebembelezwa ni yeye mwenyewe anayeimba. Ni mtu anayejituliza ili apige hatua nyingine kesho. Ndiyo maana wimbo wa farasi una mwendo ule wa kusihi: twende, taratibu, bado kidogo. Na ndiyo maana wimbo wa nane, *Rose Hip November*, unanikaba koo kila ninapousikia. Ni wimbo wa msimu wa majani kupukutika, unataja matunda na rangi za mwezi ule, lakini unajua baridi inakuja na kwamba msafiri huyu atalala nje. Utamu wote wa nyimbo za mwanzo unapata maana pale. Anayesikia peremende tu hajausikia ubaridi uliopo chini yake, na anayesikia utulivu tu naye ameusikia nusu.

Kwa mtazamo huo, kimya cha 1970 kiliangukia mahali pabaya kuliko tunavyofikiria. Mtu alikuwa amechukua nyimbo alizojiimbia ili aweze kuendelea, akazitoa hadharani, hakuna aliyegeuka. Amesema hakuweza kuimba tena kwa miaka mingi, hata nyumbani. Kwangu hilo ndilo pigo kubwa la kisa hiki, kubwa kuliko fedha au umaarufu uliopotea. Nyumba ya mtunzi huyu, iliyokuwa na watoto watatu wa kubembelezwa, haikuwa na bembelezi zake.

Mwaka 2005 Vashti alitoa albamu yake ya pili, *Lookaftering*, chini ya kampuni ya FatCat. Ni miaka 35 baada ya ile ya kwanza, na yeye alikuwa na miaka 60. Prodyuza alikuwa mtunzi Max Richter. Waimbaji Joanna Newsom na Banhart walishiriki, na Robert Kirby, yuleyule wa 1969, alirudi kupiga. Jalada lina picha ya sungura wa porini iliyochorwa na bintiye, Whyn Lewis. Sauti ni ileile, pumzi ileile kabla ya mstari. Maneno ndiyo yamebadilika: ndani yake mna watu waliokua na kuondoka, kulea, kuchoka, kuangalia nyuma. Mwaka 2014 ikafuata *Heartleap*, ambayo sehemu kubwa aliitengeneza mwenyewe nyumbani, akajifunza kurekodi na kupanga ala. Mwanamke ambaye mwaka 1965 alipangiwa kila kitu, hadi upande wa santuri, alimaliza akiwa ameshika kila kitu mkononi.

Kwa anayetaka kusikiliza, namna yangu ni hii. Anza na wimbo wa nane wa albamu ya kwanza, peke yake, usiku. Kisha endelea hadi mwisho. Baada ya hapo ndipo urudi mwanzo, na zile nyimbo za vidudu na bwawa zitakuja na uzito mwingine. Kisa cha farasi kisome mwishoni.

Wiki moja baada ya ile siku ya mchele nilimwekea shangazi *Lookaftering*. Bado sikuwa nimemweleza lolote, wala sikumwambia kwamba ni mwimbaji yuleyule. Aliitambua sauti kwenye mstari wa kwanza, akaacha alichokuwa anafanya, akasikiliza nyimbo mbili nzima.

"Huyu sasa amepata watoto," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Akauliza wangapi. Nikamwambia watatu. Akatikisa kichwa, akaniambia niongeze sauti kidogo.